Hoteli za Mifereji ya Amsterdam: Sukari Ilitoka Wapi?

Kalamu iliniponyoka nikiwa najaza karatasi ya kuagiza kifungua kinywa. Ilianguka sakafuni, na badala ya kutulia ikaanza kubiringika. Ikapita miguu ya kitanda, ikavuka zulia, ikaenda kugota ukutani chini ya dirisha. Niliiokota nikairudisha pale pale ilipoangukia, nayo ikafanya safari ile ile. Sakafu ya chumba chetu imelala upande, na nyumba nzima imeinamia mfereji wa Herengracht kama mtu anayechungulia maji.

Tulikuwa Amsterdam, mimi na mke wangu, kutimiza miaka 20 ya ndoa. Tulikuwa tumedunduliza muda mrefu ili tulale siku mbili katika hoteli ndogo ya kifahari, mojawapo ya zile zilizo ndani ya nyumba za matajiri wa karne ya 17. Jina lake sitalitaja. Wahudumu walitupokea kwa uso mkunjufu, shuka zilinukia, na asubuhi mwanga ulipiga majini ukapanda ukacheza juu ya dari ya chumba mpaka tukachelewa kuamka kwa kuutazama. Kwenye huduma sina la kulalamikia. Nina neno moja tu na hoteli ile, na neno hilo linazihusu hoteli zote za aina yake, za kwao na za kwetu.

Mke wangu ndiye aliyeiona ndoano. Alifungua dirisha, akainua macho, akaniita. Juu yetu boriti fupi ilikuwa imetokeza nje ya ukuta, na mwishoni mwake ndoano ya chuma iliyolika kutu. Kila nyumba ng'ambo ya mfereji ilikuwa na yake. Ngazi za nyumba hizi ni nyembamba mno na zimesimama karibu wima, yetu ilikuwa na kamba ya kushikilia badala ya mbao, kwa hiyo mzigo hauwezi kupita ndani. Mzigo ulipita nje. Walitundika kapi kwenye ndoano, wakapitisha kamba, wakavuta kutoka chini hadi dirisha la juu kabisa. Ndiyo sababu nyumba nyingi zilijengwa zikiinamia mbele kwa makusudi, ili kasha linapopanda lisigonge ukuta wala kuvunja vioo. Hata leo watu wa Amsterdam wakihama, kabati na vitanda hupita madirishani.

Chumba chetu kilikuwa huko huko juu, chini ya paa, na maboriti meusi yakipita kichwani. Zamani orofa hizi za juu zilikuwa ghala. Tajiri na watu wake waliishi chini, kwenye madirisha marefu na dari zilizochorwa. Bidhaa ziliwekwa juu, pakavu, mbali na unyevu wa mfereji. Kitanda chetu kilikuwa kimetandikwa mahali palipopangwa makasha.

Juu ya meza palikuwa na kijitabu chenye jalada gumu. Nilikisoma chote usiku ule. Kimeandikwa kwa uangalifu na mtu anayeipenda nyumba ile. Kinamtaja msanii aliyechora dari ya sebule ya chini. Kinaeleza kwamba marumaru ya ukumbini ililetwa kutoka Italia, na kitambaa cha mapazia kilifumwa wapi. Kisha kinasema kwamba nyumba ilijengwa na mfanyabiashara wa sukari. Sentensi hiyo inaishia hapo, na inayofuata inahusu bustani.

Marumaru imepewa kwao. Kitambaa kimepewa kwao. Sukari haikupewa.

Basi tuifuate sisi. Mifereji mitatu mikuu ya matajiri, Herengracht, Keizersgracht na Prinsengracht, ilianza kuchimbwa mwaka 1613, miaka 11 baada ya Waholanzi kuunda kampuni yao ya India Mashariki, ile VOC. Kampuni ya India Magharibi, WIC, ilifuata mwaka 1621, na hiyo ndiyo iliyopora na kushika sehemu ya Brazil yenye mashamba ya miwa, na ndiyo iliyonunua watu katika pwani ya Afrika Magharibi ili wakaifanye kazi ya miwa hiyo. Brazil ilipowaponyoka, Waholanzi waliipata Suriname, kwenye pwani ya kaskazini ya Amerika Kusini, mwaka 1667. Mwaka 1683 ikaundwa Jumuiya ya Suriname kuendesha koloni hilo, na umiliki wake ukagawanywa mafungu matatu: fungu moja la WIC, fungu moja la ukoo wa Van Aerssen van Sommelsdijck, na fungu moja la Jiji la Amsterdam. Hapo sisemi wafanyabiashara wa Amsterdam. Nasema jiji lenyewe, serikali ya mji, lilikuwa na theluthi ya koloni la watumwa.

Kwenye mfereji ule ule tuliolala, nyumba namba 502 ndiyo makazi rasmi ya meya. Aliyejengewa nyumba ile mwaka 1672 ni Paulus Godin, mkurugenzi wa WIC. Leo pana jiwe la kumbukumbu pale linalosema wazi kwamba mtu huyo alifanya biashara ya binadamu. Meya Femke Halsema aliomba radhi kwa niaba ya jiji tarehe 1 Julai 2021. Waziri Mkuu Mark Rutte aliomba radhi kwa niaba ya serikali Desemba 2022, na Mfalme Willem-Alexander tarehe 1 Julai 2023. Tarehe hiyo ya Julai haikuchaguliwa ovyo: utumwa ulifutwa Suriname tarehe 1 Julai 1863. Wenye mashamba walilipwa gilda 300 kwa kila mtu aliyeachiwa. Walioachiwa hawakulipwa kitu, na sheria ikawalazimisha kuendelea na kazi mashambani miaka 10 zaidi, hadi 1873.

Kwa hiyo mji umekwisha kusema. Meya amesema, mfalme amesema, jiwe la namba 502 linasema kwa kila apitaye. Kilichobaki kimya ni kijitabu cha chumbani.

Mtu ataniambia kwamba mgeni anayelipa fedha nyingi hivyo amekuja kupumzika, hakuja darasani. Hoja hiyo nimeisikia na naielewa. Nami nilikuja kupumzika. Lakini hoteli hizi haziuzi kitanda peke yake. Kitanda kizuri kinapatikana karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol kwa bei ya chini sana, na sakafu yake haina mwinamo. Zinachouza ni nyumba na zamani yake. Ukiondoa zamani, hakuna atakayekubali kulipa bei ile kwa chumba ambacho lifti haifiki. Zikishaamua kuuza historia, hazina tena haki ya kuuza upande unaong'aa tu.

Na wapo wanaoiuza vizuri. The Dylan, hoteli iliyo Keizersgracht namba 384, bado inaingiwa kwa lango la mawe la jumba la kwanza la maonyesho ya tamthilia la Amsterdam. Jumba hilo lilifunguliwa Januari 1638 kwa tamthilia ya Joost van den Vondel, likateketea kwa moto mwaka 1772 watu wakiwa ndani wanatazama, kisha Wakatoliki wakajenga pale mahali pa kuwahudumia maskini wao. Moto ule uliua watu, na hakuna mgeni anayekosa usingizi kwa kuambiwa. Pulitzer nayo, nyumba 25 za karne ya 17 na ya 18 zilizounganishwa kwa ndani, imeligeuza fumbo la korido na ngazi zake kuwa sehemu ya raha ya kulala pale. Wenye hoteli wanajua kusimulia wakitaka.

Makumbusho ya Van Loon, kwenye Keizersgracht namba 672, yanaonyesha jinsi jambo hili linavyoweza kufanywa bila kumfukuza mtu. Ni nyumba ya mfereji yenye bustani na banda la farasi nyuma, imejaa vyombo vya kaure na picha za ukoo ambao mmoja wao, Willem van Loon, alikuwa miongoni mwa waasisi wa VOC mwaka 1602. Mwaka 2019 nyumba ile ile iliandaa maonyesho juu ya ukoo huo na Suriname. Vyombo havikuondolewa, picha hazikugeuzwa ukutani, na watu wanaendelea kuingia.

Hapa ndipo hoja yangu inapogusa sheria, na naomba msomaji anivumilie kwa sababu bila hesabu hii maneno yangu yatabaki kuwa manung'uniko ya mgeni.

Amsterdam ni mji wa watu laki tisa na ushee, na umechoshwa na wageni. Kanuni ya mwaka 2021 ilitaka malazi ya wageni yasizidi milioni 20 kwa mwaka, yaani kila mgeni akihesabiwa mara moja kwa kila usiku anaolala, na kikomo hicho kimekwisha kupitwa. Mwaka 2024 kodi ya utalii ikapandishwa hadi asilimia 12.5 ya bei ya chumba. Mwaka huo huo jiji likaamua kwamba hoteli mpya haitajengwa isipokuwa nyingine ifungwe, na vitanda visiongezeke. Kuanzia Januari 2026 kodi ya ongezeko la thamani kwa malazi nchini Uholanzi imetoka asilimia 9 ikawa 21. Chukua chumba cha euro 400 kabla ya kodi. Kodi ya utalii ni euro 50. Kodi ya ongezeko la thamani, iliyokuwa euro 36, sasa ni 84. Mgeni anatoa 534.

Watu wengi husoma takwimu hizi wakaona jiji linawabana wenye hoteli. Mimi naona zaidi ya hapo. Kodi humwangukia mgeni. Katazo la kujenga, kwa upande wake, ni zawadi kwa aliyekwisha kuwa ndani. Mwenye hoteli ya vyumba 20 kwenye Herengracht leo ana kitu ambacho mshindani wake hawezi kukijenga kando yake, hata awe na fedha kiasi gani. Thamani hiyo hakuitolea jasho. Imetoka kwenye uamuzi wa wapiga kura wa Amsterdam waliotaka kulala bila kelele za masanduku ya magurudumu juu ya mawe.

Tena nyumba hizi hazisimami kwa nguvu zake. Amsterdam yote imejengwa juu ya tope. Chini ya kila nyumba ya zamani zimepigiliwa nguzo za misonobari mpaka zikafika kwenye mchanga mgumu, kiasi cha mita 12 chini. Jumba la kifalme la uwanja wa Dam peke yake limekaa juu ya nguzo 13,659. Mti uliozama majini haupati hewa, na usipopata hewa hauozi. Karne nne zikapita nao mzima. Maji yakishuka kidogo, vichwa vya nguzo vikaona hewa, nyumba inaanza kutitia. Ndiyo maana serikali hulinda kina cha maji ya mifereji kama mtu anavyolinda macho yake. Kuta za kando ya mifereji nazo zimechoka: Septemba 2020 ukuta wa Grimburgwal uliporomoka majini, na jiji lina kazi ya miaka mingi kukagua na kutengeneza kilomita zipatazo 200 za kuta hizo. Fedha hizo ni za umma. Mlipa kodi wa mtaa wa mbali kabisa, wa Bijlmer ambako wenye asili ya Suriname ni wengi, naye anachangia kuushikilia ukuta unaoishikilia hoteli ile.

Fikiria hilo kwa dakika moja. Mjukuu wa kitukuu wa mtu aliyekata miwa anasaidia kulipia ukuta wa nyumba iliyojengwa kwa miwa hiyo, na ndani ya nyumba hiyo hakuna mahali jina la kazi ya babu yake lilipoandikwa. Kwangu mimi deni liko hapo. Jamii iliyowapa wenye hoteli ulinzi wa sheria na ukuta wa kuegemea ina haki ya kuomba kitu kidogo: simulizi kamili.

Wapo wanaosema mji upunguze wageni kwa kubakiza matajiri peke yao. Kuhusu hilo sitasema mengi. Bei kubwa haimfundishi mtu adabu. Nimeona wageni wa hoteli yetu wakishushwa na boti mlangoni, wakala ndani, wakanywa ndani, wakaondoka kwa boti.

Mimi ni mtoto wa Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja, na sina haki ya kumnyooshea kidole Mholanzi halafu nikaificha mikono yangu. Mji wetu uliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, mifereji ya Amsterdam ikafuata mwaka 2010, na tunafanana kuliko tunavyodhani. Wao waliipima nyumba kwa kiwanja chembamba cha kando ya maji. Sisi tuliupima upana wa chumba kwa urefu wa boriti ya mkoko, kiasi cha mita tatu hivi, kwa kuwa boriti haikutoa zaidi. Nyumba za matajiri wao zimekuwa hoteli ndogo za kifahari. Zetu pia.

Nilipokuwa mdogo palikuwa na jumba mtaani kwetu ambalo kila mtoto alijua lilikuwa la nani, alipata wapi mali yake na watumwa wake walilala wapi. Wazee walituonyesha kwa kidole, bila kushusha sauti. Jumba hilo likaja kugeuzwa hoteli. Maelezo wanayopewa wageni yanaanza na mlango wa nakshi na kuishia na karafuu, kana kwamba karafuu zilichumwa na upepo. Katika karne ya 19 mikarafuu ya Unguja na Pemba ilipandwa na kuchumwa na watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, mwaka ule ule ambao watu wa Suriname walitoka mashambani kweli kweli, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria mwaka 1897. Kwenye kanisa la Anglikana, mahali pa soko lile, tumeweka kumbukumbu, na wageni wanakwenda kwa mamia. Jioni wanarudi kulala kwenye nyumba za waliokuwa wakinunua pale sokoni, na mto wa kitanda hauwaambii kitu.

Kwa hiyo ninayoyaomba Amsterdam nayaomba na Shangani, kwetu Mji Mkongwe. Ukurasa mmoja wa ziada kwenye kijitabu unatosha kuanzia: nani alijenga, mali ilitoka wapi, nani aliifanyia kazi. Kwa Amsterdam kisingizio cha kutojua hakipo. Hifadhi ya nyaraka ya jiji imo katika jengo la De Bazel, mtaa wa Vijzelstraat, dakika chache kwa miguu kutoka Herengracht, na kumbukumbu zake za mawakili wa mikataba ni nyingi na zimetunzwa vizuri kiasi kwamba mwaka 2017 UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake ya kumbukumbu za dunia. Mikataba, mirathi, mikopo ya mashamba: yote iliandikwa na kutiwa saini. Aliyeweza kulitafuta jina la mchora dari ataliweza na hili.

Asubuhi ya kuondoka tuliteremka kwa uangalifu, mke wangu mbele, mimi nyuma na begi, mkono mmoja ukiwa umeishika ile kamba. Mezani mapokezini palikuwa na mawaridi mekundu ndani ya chombo cha kaure, na nyuma ya mlango wa ofisi uliokuwa wazi boksi tupu la maua, limeandikwa Kenya ubavuni. Mke wangu alinigusa begani, akanionyesha boksi lile kwa jicho tu. Mawaridi ya Naivasha hupaa mpaka Schiphol, hupita mnada wa maua wa Aalsmeer, huishia kwenye kumbi kama zile. Boksi lilisema kwao. Maua yalipohamishiwa chomboni, hayakuwa tena na kwao.

Kijana wa mapokezi alinipa kadi ya maoni. Nilimsifia huduma, kwa sababu alistahili, kisha chini yake nikaandika swali: sukari ya mwenye nyumba hii ilitoka wapi? Aliisoma palepale akiwa amesimama. Aliniambia kwamba mama yake alizaliwa Paramaribo, mji mkuu wa Suriname, na kwamba yeye yuko kwenye meza ile mwaka wa tatu na hakuwahi kuulizwa. Akaigeuza kadi upande wa pili, akaandika namba ya nyumba, akaniuliza kama De Bazel wangempokea siku yake ya mapumziko, ambayo ni Jumanne.